Tauni ya Lushoto na Damu Iliyoingiwa na Vijidudu

Mkazi wa Dar es Salaam akisikia Lushoto hukumbuka kabichi, matunda na baridi ya Usambara. Mimi hukumbuka tauni. Ilizuka wilayani humo mwaka 1980, na hadi 2004 watu zaidi ya 7,600 walikuwa wameugua, na zaidi ya 570 wamekufa. Shume na vijiji jirani viliumia sana, hasa akina mama na watoto.

Kijidudu cha tauni kilitambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Hubebwa na viroboto wa panya. Panya akifa, kiroboto mwenye njaa humrukia mtu, na anayelala chini ndiye huanza kufikiwa. Baada ya siku chache homa hupanda, tezi za kinenani au kwapani zikavimba. Hapo bado kuna nafasi. Lakini vijidudu vikishatapakaa katika damu, mwili wenyewe, katika kupigana navyo, huilegeza mishipa ya damu na kuifanya ivuje. Shinikizo la damu hushuka, mkojo hukatika, mgonjwa huanza kuweweseka. Wapo ambao tezi hazivimbi kabisa, na hao ndio wa kuogopewa, maana ni rahisi kudhaniwa wana malaria.

Dawa ilikuwapo: sindano za streptomaisini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1943. Bila dawa, tauni iliyoingia kwenye damu huua karibu kila mtu. Kwa hiyo kifo kimoja kwa kila wagonjwa 13 ni sifa kwa waganga wa huko milimani. Ingawa kwangu mimi, kwa ugonjwa wenye dawa, vifo 570 ni vingi mno.

Tukishuka chini ya Usambara ya Mashariki, Hospitali ya Teule, Muheza, ilishiriki utafiti wa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliokuwa na homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Wote walipewa dawa za kuua vijidudu. Mafundisho ya siku nyingi yalitaka waongezewe pia dripu nyingi, tena haraka. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011: katika saa 48, walikufa zaidi ya 10 kati ya kila 100 waliopewa dripu ya haraka, na 7 tu kati ya kila 100 wa wale wasiopewa. Watafiti walitarajia kinyume chake, na kazi ikasimamishwa kabla ya kufika mwisho.