Shingo ya Skrubu Nne

Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, walinena wahenga. Wapenzi wa magitaa ya umeme ya kale huisadiki hikima hii pasi na kuifunzwa. Hata hivyo, chombo wanachokienzi kiliundwa na mtu aliyewaza kinyume cha hayo.

Leo Fender alikuwa fundi wa redio, aliyefungua duka lake mjini Fullerton, California, mwaka 1938. Hadi anafariki mwaka 1991 hakujua kupiga gitaa. Alichokijua ni kwamba kila chombo huharibika, na heri kile kinachofunguka kwa wepesi. Gitaa alilolitoa mwaka 1950, likapewa jina la Telecaster mwaka uliofuata, shingo yake haikugandishwa kwa gundi kama ilivyokuwa desturi ya waundaji, bali ilikazwa kwa skrubu nne. Ikichakaa, hutolewa ikatiwa nyingine. Stratocaster ya mwaka 1954 ilifuata nyayo hizo.

Mwaka 1965 kampuni yake iliuzwa kwa CBS kwa dola milioni 13. Mabadiliko yakaandamana; mwanzoni mwa miaka ya 1970 shingo ya Stratocaster ikashikwa kwa skrubu tatu. Wapigaji wakaanza kuyatamani magitaa ya zamani, hata kampuni yenyewe, mwaka 1982, ikatoa nakala za Stratocaster za mwaka 1957 na 1962.

Hapo vipuri vikawa elimu. Bamba la plastiki linalofunika kifua cha gitaa la 1957 lina tabaka moja na skrubu 8. La 1962 lina matabaka matatu na skrubu 11. Atakayelitia la pili mahali pa la kwanza hana budi kutoboa matundu mapya mbaoni, na jicho la mjuzi litaliona kosa kama sikio linavyoisikia mizani iliyozidi. Hata ila hutunzwa: nyuzi sita za Telecaster za mwanzo zilikalia vijipande vitatu vya shaba ya manjano, mbili mbili, kwa hiyo sauti zake hazilingani barabara. Vijipande sita huondoa kasoro hiyo, lakini wengi huvitaka vile vitatu.

Mapenzi hayo yana madhara yake. Wapo wafanyabiashara wanaolivunjavunja gitaa zima la asili, kwa kuwa vipande vyake, vikiuzwa kimoja kimoja, huleta fedha nyingi zaidi. Hivyo gitaa lililodumu zaidi ya nusu karne huuawa ili nakala ipate sura ya uzee. Ni sawa na mnakili anayezichana kurasa za muswada wa asili akazibandika kwenye nakala yake.

Kipuri kipya kilichochongwa kwa kipimo cha kale hakimtoi mtu machozi, lakini huliacha gitaa la asili likiwa zima. Fundi wa redio wa Fullerton angalikikaza kwa skrubu zake, akaendelea na kazi.