Wa Barabara ya Ngapi?

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wa barabara ya ngapi wewe?"

Mzee hakuniuliza jina wala kabila. Nilikuwa nimetoka kwetu Chumbageni kwenda Ngamiani, kuitafuta nyumba aliyopanga chumba babu yangu mzaa mama, nami nikamjibu kwamba ninatafuta ya kumi na mbili. Akacheka mpaka kofia ikamlegea kichwani. "Basi wewe mtu wa African Sports. Kaa tu, lakini hapa ni kwa Coastal."

Tulikuwa barabara ya 11.

Asiyeijua Tanga ataona ni utani mdogo. Kutoka barabara ya 11 hadi ya 12 ni hatua za kuhesabu, nyumba zimepeana migongo na harufu ya samaki wa huku inafika kule. Lakini Coastal Union makao yake yako ya 11, na African Sports yako ya 12, na watu waliokula sahani moja mchana waliwahi kununiana jioni kwa ajili ya hatua hizo.

Barabara za Ngamiani zimenyooka kama mistari ya daftari, zikianzia ya kwanza na kwenda mpaka zaidi ya ishirini, na zinaitwa kwa namba. Ukivuka reli kuelekea bandarini mambo yanabadilika. Huko barabara zina majina: Independence, Sokoine, Market. Majina hayo hufuata wenye nchi. Barabara haikuweza kuitwa Independence kabla ya 1961. Hata hoteli zilikuwa hivyo. Waingereza walipoivamia Tanga Novemba 1914, wakiwa na askari kama 8,000 dhidi ya kama 1,000 wa Lettow-Vorbeck, baadhi ya Wagurkha na Wakashmiri walipenya hadi katikati ya mji wakaiteka hoteli iliyoitwa Deutscher Kaiser, wakapandisha bendera yao. Haikudumu. Walirudishwa pwani, na nyuki wakawamalizia hamu. Waingereza walikuja kuuchukua mji 1916, na Kaiser naye hakubaki kwenye kibao.

Namba za Ngamiani zimewapita wote hao. Hakuna serikali iliyoona sababu ya kuifuta kumi na mbili.

Sidhani aliyezipa barabara namba alikuwa anawaza heshima yetu. Utawala uliohesabu barabara ndio huo huo uliohesabu watu. Mwaka 1893 ndipo Wajerumani walipoanza kujenga reli kutoka Tanga, na mwaka huo huo Richard Hindorf akaleta miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba ya Tanga nzima, na mashamba yakataka mikono. Wenyeji wa pwani hawakuwa na hamu kubwa na kazi ile ya miiba, walikuwa na minazi yao na bahari yao. Mikono ikatafutwa mbali: Songea, Njombe, Kigoma, hata Burundi. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu, SILABU. Aliyeandikishwa alipewa namba, na kwa namba hiyo akaitwa. Ndiyo maana wakaitwa manamba.

Babu yangu alitoka Songea akiwa kijana. Alikata mkonge kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi ambayo siku usiyomaliza kazi uliyopimiwa haikuhesabiwa. Hayo nimeyajua kwa bibi, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuyasema. Mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo. Yeye alikuja leo akakaa miaka arobaini na kitu, akapanga chumba barabara ya 12 katika nyumba ya Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi katikati na uani kwa nyuma. Akanunua baiskeli, akawa anachukua nazi Pongwe na kuzileta sokoni. Akamwoa bibi, Mdigo, ambaye ndugu zake walichukua muda kulikubali jambo hilo.

Siku moja, harusini, mjomba mmoja upande wa bibi alimtania mbele ya watu: "Manamba, lete maji." Babu aliweka tonge chini, akanawa, akatoka. Hakula tena nyumba ile mpaka mjomba alipokuja na watu wazima wawili kuomba radhi. Mama alikuwa mtoto na anakumbuka kuwa babu hakupaza sauti. Alisema tu, "Mimi mtu wa barabara ya kumi na mbili."

Hadithi hii nimeisikia mara nyingi, lakini ilinichukua muda kugundua kwamba alijibu namba kwa namba. Ile ya kwanza alipewa kwenye foleni, na hakuna ajuaye ilikuwa ngapi. Ya pili aliichukua mwenyewe, pamoja na kodi ya chumba, kadi ya uanachama wa African Sports na uadui wake wote. Mwaka 1988 Coastal walipotwaa ubingwa wa Tanzania Bara, ya 11 haikulala. Babu alifunga dirisha la upande huo, akalala na joto.

Mzee wa barazani alinipeleka mwenyewe hadi ng'ambo. Nyumba haipo. Pamejengwa ghorofa, chini maduka ya simu na nguo, na palipokuwa baraza pana mlango wa chuma. Tukasimama kidogo. Akaniuliza babu yangu aliitwa nani, nikamtajia. Hakumkumbuka. Nikamwambia alikuwa akileta nazi kwa baiskeli, mwenye kufunga dirisha.

"Eeh," akasema, "yule wa ya kumi na mbili!"

Nilipanda bodaboda kurudi. Kijana akaniuliza Chumbageni sehemu gani, nikaanza kumweleza: ukipita kituo cha polisi, usikate ya kwanza, mbele kuna mwembe, kuna duka limefungwa. Akazima pikipiki ili anisikie vizuri.