Kutoa ni Moyo: Sadaka na Huduma ya Upendo kutoka Kisarawe hadi Kibaha

Katika vitabu vya kumbukumbu ya miaka mia, sura zinazohusu majengo huwa ndefu na picha zake huwa nyingi, na ni haki iwe hivyo, kwa maana jengo huonekana. Sura hii imekusudiwa kueleza jambo lisilopigwa picha kwa urahisi, yaani jinsi Wakristo wa nchi ya Uzaramo, ambao kanisa lao lilianza kwa kupokea, walivyogeuka kuwa watu wa kutoa. Badiliko hilo halikutokea kwa siku moja. Wala tusijidanganye kwamba lilitokea kwa sababu wamisionari walilipanga vizuri. Mara nyingi lilitokea kwa sababu msaada ulikatika, na waliobaki wakatazamana.

Kwanza lazima tuseme kwamba kutoa hakukuletwa na meli. Methali ya wahenga isemayo kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, ina neno la Kiswahili cha kale ambalo vijana wetu wa leo hulitamka bila kulielewa. “Usambe” maana yake ni “usiseme”. Methali hiyo ni ya pwani, na watu wa pwani walikuwa wakichanga ubani kwa mfiwa, wakilimiana mashamba kwa ujima, na kumpa mgeni chakula cha siku yake ya kwanza bila kumwuliza ametoka wapi. Hata neno “sadaka”, tunalolitangaza kila Jumapili, tulilipokea kupitia lugha ya majirani zetu Waislamu, nao walilitumia hapa kwa karne nyingi kabla ya kengele ya kwanza ya Kilutheri kulia. Mgeni wa Dayosisi anayesoma kurasa hizi akumbuke kwamba Injili ilipofika Uzaramo iliwakuta watu wanaojua kutoa. Kilichokuwa kipya ni kumtolea mtu asiye wa ukoo wako, asiye wa kijiji chako, na pengine asiyekuwa na ukoo kabisa.

Na watu wa namna hiyo walikuwapo. Chama cha Misioni ya Kiinjili kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani kiliundwa Berlin mwaka 1886, na mwaka uliofuata kilimtuma Dar es Salaam Johann Jakob Greiner, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Uhabeshi. Alifika na mkewe na binti wa ndugu yake. Hawakupata utulivu. Vita vya Abushiri vilizuka mwaka 1888, na mwezi wa Januari 1889 misioni ya Dar es Salaam ilishambuliwa, kama ilivyoshambuliwa ile ya Wabenediktini kule Pugu. Katika siku zile manowari za Wajerumani zilikuwa zikikamata majahazi yaliyobeba watumwa, na baadhi ya waliookolewa, wengi wao wakiwa watoto, walikabidhiwa kwa wamisionari. Hivyo jumuiya ya kwanza iliyowazunguka wamisionari haikuwa ya Wazaramo. Ilikuwa ya watoto waliotekwa mbali bara, ambao hawakuwa na mjomba wala shangazi wa kuwadai.

Mwaka 1892 Greiner alipanda kupita vilima vya Pugu, akaanzisha kituo cha Kisarawe, na pamoja naye wakaenda watu wale waliowekwa huru. Walipewa mahali pa kukaa, mashamba ya kulima, mavazi na shule. Kwa mtu ambaye jana yake alikuwa bidhaa, hayo hayakuwa machache. Lakini mwandishi wa historia hana ruhusa ya kuishia hapo. Walioletwa Kisarawe walipewa uhuru pamoja na kanuni. Mlezi wao alikuwa pia bwana shamba wao, mwalimu wao na hakimu wao, na mtoto ambaye hakuipenda kazi ya shamba au somo la asubuhi hakuwa na kwao pa kurudia. Serikali ya Kijerumani yenyewe haikuukomesha utumwa. Iliweka tu sheria za kujikomboa, na kuamua kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo Kisarawe ya miaka ya 1890 ilikuwa kisiwa cha watu huru katikati ya nchi ambayo bado iliruhusu utumwa, na uhuru wa kisiwa hicho ulitegemea ukarimu wa watu walio mbali. Wazaramo waliokaa kandokando waliitazama hali hiyo kwa tahadhari, na sioni sababu ya kuwalaumu.

Watu hao walio mbali walikuwa akina nani? Wengi wetu tulikua tukidhani kwamba fedha za misioni zilitoka kwa matajiri wa Ulaya. Tangu mwaka 1890 Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, msimamizi wa makao ya Bethel karibu na mji wa Bielefeld, aliingia katika uongozi wa chama kile, akaanza kuwatuma mashemasi na madiakonisa kuja Dar es Salaam, Kisarawe na Usambara. Bethel yalikuwa makao ya wagonjwa wa kifafa, yaliyoanzishwa mwaka 1867. Huko kulikuwa na kazi ya kukusanya vitu vilivyotumika, kama nguo kuukuu, viatu na vyombo, vikatengenezwa na wagonjwa wenyewe, kisha vikauzwa kwa bei ndogo ili makao yaendelee. Bodelschwingh aliichukua fikra hiyo kutoka habari ya Yesu kuwaamuru wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki baada ya umati kula. Basi shemasi aliyefunga kidonda Uzaramo alikuwa ametoka katika nyumba iliyoishi kwa kushona viraka. Hatukuanza kwa pesa za wakubwa.

Mwaka 1903 vituo vya Dar es Salaam, Kisarawe na Maneromango vilikabidhiwa kwa chama kingine kikongwe zaidi, Misioni ya Berlin, iliyokuwa imeundwa mwaka 1824. Chama cha kwanza kilibaki na Usambara, na baadaye kikaelekea Rwanda na Bukoba. Kwa Mkristo wa Kisarawe aliyeamka asubuhi na kuambiwa kwamba sasa yuko chini ya wakubwa wengine, hilo lilikuwa somo la kwanza kwamba mlezi anaweza kubadilika bila wewe kuulizwa.

Somo la pili lilikuwa kali zaidi. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, na wamisionari wa Kijerumani wakatiwa kizuizini, kisha wakarudishwa kwao. Fedha zilikoma. Dawa zilikoma. Walimu na wainjilisti wa Kiafrika ndio waliobaki na kundi, na miongoni mwa walioliongoza alikuwamo Martin Ganisya wa Dar es Salaam. Hapakuwa na mshahara. Mwalimu alilima kama watu wengine, akafundisha baada ya kulima, na Mkristo aliyekuwa na kibaba cha mtama alimgawia nusu. Ukitaka kujua ni lini hasa usharika wa Kilutheri ulizaliwa katika nchi ya Uzaramo, kwa maoni yangu usitazame mwaka 1887 wala 1892. Tazama miaka ile, takribani minane, ambayo hapakuwa na mtu wa kutoka nje wa kumlisha mwinjilisti, na mwinjilisti hakufa njaa.

Wajerumani waliruhusiwa kurudi mwaka 1925, lakini hawakurudi na mfuko wa zamani. Mwaka 1923 fedha ya nchi yao ilikuwa imeporomoka hata sadaka ya Jumapili haikuweza kununua mkate siku ya Jumatatu, na katikati ya miaka ya 1930 serikali yao ilibana mno upelekaji wa fedha nchi za nje. Kisha vita ya pili ikaanza mwaka 1939, wakakamatwa tena. Safari hii Walutheri wa Marekani wa Misioni ya Augustana walijitwika mzigo wa misioni zilizoachwa yatima, wakisaidiwa na wenzao wa Sweden katika sehemu nyingine. Ni jambo la kutafakari kwamba mkulima wa Minnesota alitoa senti zake ili kazi iliyoanzishwa na Wajerumani isife, wakati mwanawe alikuwa akipigana na Wajerumani. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za makanisa ya Makedonia, yaliyotoa yakiwa yenyewe katika dhiki. Barua ile haikuwa ngeni kwa waliopitia miaka ile.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya namna sadaka ilivyokusanywa, kwa sababu vijana wetu huuliza. Fedha taslimu vijijini zilikuwa chache, na zilizokuwapo zilidaiwa na kodi ya kichwa. Kwa hiyo mtu alileta alichonacho: muhogo, nazi, korosho, machungwa, mayai katika kikapu, jogoo aliyefungwa miguu. Baada ya ibada vitu hivyo vilinadiwa nje ya kanisa, na mnada huo una hekima ambayo haijaandikwa katika katiba yoyote. Mwenye shilingi hununua jogoo kwa bei inayozidi ya sokoni, kisha humrudisha anadiwe tena. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara tatu na bado akaishia kwa mjane. Maskini ametoa jogoo, mwenye ajira ametoa fedha, na hakuna anayeweza kusema kwamba sadaka yake ndiyo iliyokuwa kubwa. Najua wako wanaolalamika kwamba mnada hurefusha siku. Ni kweli, huirefusha.

Sasa tuhamie Kibaha, katika barabara ya Morogoro, maana huko kutoa kulichukua sura nyingine. Baada ya Uhuru, nchi za Kinordiki, zikiwamo Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilikubaliana na serikali ya Tanganyika kuanzisha mradi wa pamoja wa kupambana na ujinga, umaskini na maradhi. Kituo kilianza mwaka 1963: shule ya sekondari, kituo cha afya hapo Tumbi, na mafunzo kwa wakulima. Nchi hizo ni za Kilutheri kwa historia yake, ila sadaka yao haikupita katika kapu la kanisa. Ilipita katika kodi. Mvuvi wa Norway alichangia darasa la Kibaha bila kulijua jina la Kibaha. Wako watu wa kanisa waliosema kwamba huko si kutoa, kwa kuwa moyo haukushirikishwa. Mimi nasema tuwe waangalifu. Mradi ule ulikuwa na jambo moja ambalo misioni zetu zilichelewa kulijifunza: ulikuwa na siku ya kuondoka. Tarehe 10 Januari 1970 ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Kituo kile cha afya kikakua, na leo Tumbi ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, ambako majeruhi wengi wa ajali za barabara ile hupelekwa, na hakuna anayeulizwa mlangoni nani alilipia ukuta wa kwanza.

Katika majira yale yale kanisa nalo lilikabidhi, ingawa halikuchagua tarehe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule zilizokuwa za mashirika ya dini, zenye msaada wa serikali, chini ya serikali yenyewe. Shule ambazo mabati yake yalinunuliwa kwa korosho za wazee zikawa za umma. Wazee wengine waliumia sana, na maumivu yao yasidharauliwe. Lakini mtoto wa Mwislamu, aliyekuwa akisita kuingia shule ya misioni kwa hofu ya kubadilishwa dini, sasa aliingia bila hofu, akakaa chini ya mabati yale yale. Je, sadaka ile ilipotea? Kila msomaji ajibu mwenyewe, lakini ajibu akiwa amemtazama mtoto huyo.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilikuwa limeundwa Juni 1963 kwa kuunganishwa makanisa saba, na kanisa la Uzaramo-Uluguru lilikuwa mojawapo. Ndilo chimbuko la Dayosisi yetu ya Mashariki na Pwani. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitia neno “kujitegemea” katika vinywa vya wote, hata mimbarani. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Kenya alikwenda mbali zaidi, akaomba fedha na wamisionari wa nje visitishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yasimame. Wengi walishtuka. Wazee wa Kisarawe waliokumbuka mwaka 1916 hawakuwa na sababu ya kushtuka, kwa kuwa wao walikwisha kusitishiwa mara mbili bila kuomba.

Msaada wa nje haukukoma, nao umebadilika. Shirika la TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 kuwahudumia wakimbizi kwa uwezo wa Walutheri wa dunia, baadaye lilifanya kazi katika vijiji vya Kisarawe, likiwasaidia wanavijiji kupanga maendeleo yao na kuunda vikundi vya kuweka na kukopa. Katika vikundi hivyo huwa kuna mfuko mdogo wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba, na wanachama wake, Wakristo na Waislamu, huchangia kwa kiwango sawa. Mabibi wa Kisarawe hawakuhitaji maelezo marefu juu ya mfuko huo. Waliuita ubani.

Siku hizi wapo wanaotuma ahadi zao kwa simu, hasa wanaoishi Kibaha na kufanya kazi Dar es Salaam, na mhazini huziona namba kabla ya kuyaona majina. Vikapu navyo bado vinaletwa, hasa Sikukuu ya Mavuno. Katika daftari la mhazini kuna safu mbili, moja ya fedha na nyingine ya mazao, na safu ya mazao hujazwa baada ya mnada.