Kilio

Mgeni kutoka Dar es Salaam akiambiwa mjini Kolwezi, Kongo, kwamba "baba iko ku kilio," huenda akadhani baba analia. La, baba yuko msibani. Katika Kiswahili cha Katanga, kilio ni mahali, ni siku zenyewe, ni watu waliokusanyika. Akifariki mzee aliyefanya kazi katika kampuni ya madini ya Gécamines, wenzake hukaa wakikumbushana: posho ya unga enzi za Union Minière, kampuni iliyoitangulia, bwawa la Nzilo lilipokuwa bado linaitwa Delcommune, kisha mwaka 2003, maelfu ya wafanyakazi walipoanza kupunguzwa. Machozi yapo. Kicheko nacho kipo, hasa marehemu akiwa mcheshi, na hapo ndipo wajukuu wanapojua babu alikuwa dereva wa garimoshi.