Kupandia na kukuzia

Kwenye maduka ya pembejeo ya Njombe au Mbozi, mkulima wa mahindi huomba "mbolea ya kupandia", na wiki chache baadaye hurudi kutaka "ya kukuzia". Nayapenda sana majina haya. Kile kiambishi cha kutendea kimebeba maelekezo yote: mbolea hii ni ya kazi gani, na kazi hiyo ni ya lini.

DAP ni ya kupandia. Mfuko wake umeandikwa 18-46-0, yaani naitrojeni asilimia 18 na fosfati 46. Fosfati haitembei mbali udongoni, kwa hiyo mizizi michanga lazima iikute jirani. Ndiyo maana hutiwa shimoni siku ya kupanda, mara nyingi kwa kipimo cha kisoda, kisha hufunikwa kwa udongo kidogo isije ikaunguza mbegu.

Urea ni ya kukuzia. Asilimia 46 yake ni naitrojeni, tena yenye haraka: ukiimwaga juu ya ardhi kwenye jua bila kuifukia, sehemu yake hupaa hewani kama amonia. Ukiitia mapema mno, mvua kubwa huizoa kabla mahindi hayajawa na mizizi ya kuifyonza.

Siku hizi limeingia jina jingine madukani, "busta". Neno hili linanisumbua, kwa sababu halisemi kilichomo, kazi yake wala wakati wake. Muuzaji akikutajia busta, muulize: ni ya kupandia au ya kukuzia?