Saa ya gari la mjomba haikuwa mbovu

Wengi wetu tumeshapanda gari ambalo saa yake ya dashibodi inasema uongo. Ni asubuhi, mmekwama kwenye foleni ya Ubungo, unatupa jicho mbele unaona 1:05. Unamwambia dereva saa yake mbovu, naye anakujibu bila kugeuka: "Achana nayo hiyo."

Mimi nilimwambia hivyo mjomba wangu, miezi michache baada ya kulitoa bandarini gari lake dogo lililotumika Japani. Yeye hakusema achana nayo. Aliniuliza, "Sasa hivi saa ngapi?" Nikaangalia simu: 7:05. "Saa moja na dakika tano, mjomba." "Na hapo imeandikwa ngapi?"

Imeandikwa 1:05.

Nilicheka. Halafu, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia, nikamshawishi ampe fundi airekebishe. Fundi akabonyeza kila kitufe, menyu yote Kijapani, akashindwa. Mwisho akang'oa mtambo mzima wa ramani na kufunga redio mpya. Mjomba akalipa. Makala haya ni ya kukueleza wewe, na mjomba kama atayasoma, kwa nini mimi ndiye niliyekosea. Lakini ili uelewe, inabidi turudi nyuma kidogo, hadi enzi ambapo dashibodi ilikuwa ubao wa kuzuia matope.

Kweli kabisa, ubao. Magari ya kukokotwa na farasi yalikuwa na ubao au kipande cha ngozi mbele ya miguu ya mwendeshaji, ili matope yanayorushwa na kwato yasimfikie. Jina la dashibodi linatoka huko. Farasi akaondoka, injini ikakaa mahali pake, na ule ukuta mdogo ukabaki. Watu wakaona ni mahali pazuri pa kupachika vipimo: mwendo, mafuta, na saa.

Saa za mwanzo zilikuwa za kutia ufunguo kwa mkono. Nyingi zilikuwa za siku nane, yaani ukiitia Jumapili inakufikisha Jumapili nyingine na siku moja ya akiba. Aliyeisahau alisimamiwa na saa, na aliyeikumbuka aliitia majira kwa kutazama saa ya ukutani au ya mfukoni. Mwenye gari ndiye aliyeamua saa yake isome nini. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Baadaye ikaja saa ya umeme, ila usidhani ilikuwa ya umeme moja kwa moja. Ndani yake bado kulikuwa na springi. Springi ikilegea, baada ya dakika moja au mbili hivi, vipande viwili vya chuma vinagusana, umeme wa betri unapita, sumaku inaisukuma springi irudi kukaza: tap! Kisha inalegea tena. Sasa fikiria betri imechoka. Sumaku haina nguvu ya kusukuma, vile vyuma vinabaki vimegusana, umeme unaendelea kupita, waya wa ndani unaungua. Ndiyo maana kwenye magari mengi ya zamani utakuta injini nzima, taa nzima, saa imekufa. Mwaka 1958 David Ogilvy, mtu wa matangazo ya biashara, aliandika tangazo la Rolls-Royce lililojivunia kwamba kwa mwendo wa maili 60 kwa saa, sauti kubwa kuliko zote ndani ya gari hilo ni ya saa yake ya umeme. Alikuwa anasifia ukimya wa gari. Mimi namwonea huruma aliyetengeneza ile saa.

Kilichoimaliza springi ni kipande cha madini ya kwatzi. Ukipitisha umeme kwenye fuwele yake, inatetemeka kwa kasi isiyobadilika sana. Saa ya kwanza ya mkononi ya aina hiyo, Seiko Astron, iliuzwa Tokyo Desemba 1969. Fuwele iliyozoeleka leo kwenye saa za mkononi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa: igawe kwa mbili mara kumi na tano, unapata moja, yaani pigo moja kila sekunde. Shida ni joto. Fuwele hiyo hutulia kwenye nyuzi 25 hivi, na ukiipeleka juu au chini ya hapo inachelewa. Ukiiweka kwenye nyuzi 60 siku nzima, itachelewa kati ya sekunde tatu na nne. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Dodoma inafika hapo bila shida. Kwa hiyo saa nyingi za magari zilipewa fuwele ya aina nyingine, inayotetemeka mara 4,194,304 kwa sekunde na isiyosumbuliwa sana na joto. (Igawe kwa mbili mara ishirini na mbili, utaona.)

Hapo ndipo tulipopata zile tarakimu za kijani au bluu zilizojaa kwenye magari ya Kijapani ya miaka ya 1980 na 1990, na vifute vyake vitatu vidogo: H cha saa, M cha dakika, na kile ambacho watu wengi hawajui kazi yake, :00. Kama gari lako linacho, kijaribu. Saa ikiwa inasoma kuanzia 8:01 hadi 8:29, ukikibonyeza inarudi 8:00. Ikiwa inasoma 8:30 hadi 8:59, inaruka kwenda 9:00. Ni kitufe cha mtu anayesikiliza redio. Tangu Februari 1924 BBC hupiga milio sita mfupi mfupi kuonyesha saa kamili, na redio nyingi duniani, zetu zikiwemo, zimekuwa na mlio au kengele yake kabla ya taarifa ya habari. Unasubiri mlio, unabonyeza mara moja, kwisha. Huhitaji kuhesabu kitu.

Kabla sijasahau, kwa sababu najua utauliza: kama saa yako inarudi 1:00 au 12:00 kila ukizima gari, usikimbilie kununua nyingine. Redio nyingi za kufunga zina nyaya mbili za umeme. Ya njano hutoka kwenye betri moja kwa moja na kazi yake ni kulinda kumbukumbu, pamoja na saa. Nyekundu hupata umeme ukigeuza ufunguo tu. Fundi akizibadilisha au akiziunga zote kwenye umeme wa ufunguo, redio itaimba vizuri lakini itasahau kila kitu ukizima. Na kama tarakimu zinafifia mchana hadi huzioni, angalia kama umewasha taa. Saa imepunguzwa mwanga kwa makusudi isikuumize macho usiku.

Turudi kwa mjomba. Gari lake halikuwa na H wala M. Lilikuwa na mtambo wa ramani uliofungwa Japani, na mtambo huo hauulizi mtu saa ngapi. Unaisikia kutoka kwa setilaiti za GPS. Setilaiti hizo hazijui Tokyo wala Temeke, zinatangaza wakati mmoja kwa dunia nzima, na kifaa chako ndicho kinachoongeza saa za nchi yako. Japani nzima inatumia majira ya aina moja, saa 9 mbele ya saa za dunia. Kwa hiyo mtengenezaji wa mtambo wa kuuzwa Japani hakuwa na sababu ya kuweka menyu ya kuchagua nchi. Aliandika ongeza tisa, akafunga. Fundi wetu angeweza kubonyeza hadi kesho.

Sisi tuko saa 3 mbele. Tisa toa tatu ni sita.

Umeona? Ni sita ileile unayoitoa au kuiongeza kila siku unaposoma 7:00 kwenye simu na mdomo ukasema saa moja. Tukio la asubuhi ile halikuwa bahati ya dakika moja. Gari lolote linaloshika saa za Japani kwa mtindo wa saa 12, likitembea Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, linaonyesha saa za Kiswahili, usiku na mchana, mwaka mzima, bila kukosea hata dakika.

Sita hii ina historia yake. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington wakakubaliana longitudo ihesabiwe kuanzia Greenwich. Japani ikapitisha sheria yake mwaka 1886, ikachagua nyuzi 135 mashariki, mstari unaopita mji wa Akashi, na kuanza kuitumia tarehe 1 Januari 1888. Saa za Afrika Mashariki zinafuata nyuzi 45. Kati ya 45 na 135 kuna nyuzi 90, robo ya duara kamili, na jua linaikata robo hiyo kwa saa sita. Lakini usidhani jua ndilo lililotupangia. Dar es Salaam ipo karibu na nyuzi 39, na mwishoni mwa miaka ya 1930 Kenya ilikuwa inatumia saa 2 na dakika 45 mbele ya Greenwich. Tungeng'ang'ania hapo, saa ya mjomba ingetangulia robo saa. Ukivuka kwenda Kigali, Bujumbura au Bukavu, ambako majira ni saa 2 mbele, inatangulia saa nzima.

Na Wajapani wenyewe, kabla ya 1873, walihesabu saa kwa namna ambayo bibi yako angeielewa haraka kuliko mimi. Toka mapambazuko hadi machweo waligawa vipande sita, na usiku vingine sita. Kwa kuwa mchana wa kiangazi ni mrefu, kipande cha mchana kilirefuka na cha usiku kikafupika. Mafundi wao walitengeneza saa zenye mihimili miwili ya kupima mwendo, mmoja wa mchana na mwingine wa usiku, ili saa iende sawa na jua. Tarehe 1 Januari 1873 serikali ikaifuta hesabu hiyo pamoja na kalenda ya zamani. Sisi, tulio karibu na ikweta, hatukuhitaji mihimili miwili. Jua letu linachomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo tuliweza kuhesabu tangu asubuhi kwa saa zilizo sawa, na bado tunafanya hivyo.

Kuna jambo nililigundua baadaye, nikakaa kitandani nacheka peke yangu. Saa sita ya usiku Japani, tarehe inapobadilika, kwetu ni saa kumi na mbili jioni. Yaani kalenda ya gari la mjomba ilikuwa inafungua siku mpya karibu na magharibi, sawasawa na hesabu ya wazee wa pwani, ambao kwao usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia Ijumaa yenyewe. Mtambo wa Kijapani ulikuwa Mswahili kuliko simu yangu.

Sisemi setilaiti hazikosei. GPS ilianza kuhesabu wiki tarehe 6 Januari 1980, na hesabu hiyo ilipewa nafasi ya wiki 1,024 tu, kisha inarudi sifuri. Ni miaka 19 na miezi kadhaa. Ilirudi Agosti 1999, ikarudi tena Aprili 2019. Watengenezaji wa vifaa huziba pengo kwa programu zao, kila mmoja kwa tarehe yake, na wengine husahau. Januari 2022 wenye magari ya Honda ya miaka ya nyuma katika nchi mbalimbali waliwasha gari wakakuta kalenda inasoma 2002. Wakirekebisha, kosa linarudi. Mtu na gari lake, na hana ruhusa ya kuliambia ni mwaka gani.

Magari mapya ndiyo yamezidi. Yanachukua saa kutoka kwa simu au setilaiti, na menyu ya dashibodi inakuruhusu kuchagua rangi ya mishale, kilomita au maili, lugha, saa 12 au 24. Menyu yenye saa za Kiswahili sijaiona bado. Ila kama gari lako linakuruhusu kuchagua mji, nakupa njia mbili: weka saa 12, kisha chagua Tokyo au Buenos Aires. Argentina ipo saa 3 nyuma ya saa za dunia, sita kamili nyuma yetu. Tofauti ni kwamba ukichagua Tokyo siku inaanza jioni, na ukichagua Buenos Aires inaanza alfajiri, na AM inakuwa mchana, PM usiku.

Mjomba hana menyu ya miji. Ile redio aliyofungiwa inaonyesha saa kwa tarakimu ndogo, na yeye ananiambia jioni akiwa barabarani kutoa sita kwenye namba asiyoiona vizuri ni kazi. Mara moja alimfuata shangazi kituo cha basi akachelewa saa nzima kwa hesabu hiyo. Mtambo wa zamani nilimuulizia kwa fundi. Ulishauzwa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwake. Tulikaa ndani ya gari, milango wazi, tukawasha redio na kusubiri taarifa ya habari ya saa moja usiku. Nikabonyeza saa hadi ikasoma 1, dakika nikaziweka 00, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kuthibitisha. Mlio ukalia, nikabonyeza. 1:00. Mjomba akaitazama, akafunga mlango wake, akaniuliza mtambo ule uliuzwa shilingi ngapi.