Ng'ombe Wao Hula Wapi?

Miaka michache iliyopita nilikaa chini ya mgunga, upande wa kaskazini wa Isiolo, nikimsikiliza afisa wa shirika moja la uhifadhi akiwaeleza wafugaji kwa nini wakubali eneo lao la malisho liwe hifadhi ya jamii. Alikuwa ametundika picha kubwa kwenye ubavu wa gari: ndovu wakitembea mchangani, mama wa Kihimba akitabasamu, kambi ya watalii yenye mahema ya turubai. "Namibia wameweza," akasema. "Na kule ni jangwa kuliko hapa."

Mzee mmoja aliyekalia gunia lililokunjwa akainua fimbo yake. Alikuwa na swali moja tu. "Ng'ombe wao hula wapi?"

Watu wakacheka. Afisa naye akacheka, akasema hilo ni swali zuri, kisha akarudi kwenye mambo ya kamati na sahihi. Mimi nililiandika daftarini kwa aibu kidogo. Mwaka 2017 nilikuwa nimeandika makala ndefu ya kuzisifu hifadhi za jamii, na humo nikaitaja Namibia kama mfano wa kuigwa. Ukweli ni kwamba sikuwa najua ng'ombe wa Namibia hula wapi. Sijafika Namibia hadi leo. Lakini tangu siku ile nimesoma sana, na nikagundua kwamba hadithi tunayosimuliwa huku huanza katikati, baada ya mambo muhimu kuwa yamekwisha kutokea.

Tuanze na mpaka. Mwaka 1907, wakati vita vya Wajerumani vya kuwaangamiza Waherero na Wanama vilikuwa bado havijaisha, gavana Friedrich von Lindequist alitangaza maeneo ya kuhifadhi wanyama. Moja lilikuwa kubwa ajabu: lilichukua Etosha na kuendelea magharibi, nchi ya Kaokoveld, mpaka baharini. Watu walikuwa wakiishi humo na mifugo yao. Baadaye Afrika Kusini ikaitwaa nchi, na miaka ya 1960 Tume ya Odendaal ikaigawanya kwa rangi na kabila, kila kundi na "nchi" yake. Kaokoveld ikawa Kaokoland ya Wahimba na Waherero. Kusini yake mashamba ya makaburu yakanunuliwa na serikali na kuitwa Damaraland. Mpaka wa hifadhi ya Etosha ukarudishwa nyuma mashariki. Kwa hiyo wakazi wa upande ule wamewahi kuambiwa kwamba ardhi yao ni ya wanyama, kisha kwamba ni ya kabila fulani, na mara zote ramani ilichorwa na mtu ambaye hakuwauliza.

Hata waliomo si wote waliozaliwa pale. Kuna watu wanaoitwa Wariemvasmaak. Walikuwa wakiishi Riemvasmaak, kando ya Mto Orange huko Afrika Kusini, hadi mwaka 1973 na 1974 serikali ya ubaguzi ilipowafukuza ili jeshi litumie ardhi yao. Kwa kuwa makaratasi yaliwaandika kuwa Wadamara au Wanama, wengi wao walisafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 na kushushwa Damaraland, nchi ambayo hawakuwa wameiona. Huko walikuta simba, ndovu na mawe. Makaratasi yalisema wamefika kwao.

Sasa fikiria eneo lenyewe. Ni ukingo wa jangwa la Namib, na upande wa magharibi mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Mito yake, Hoanib, Hoarusib, Huab, Ugab, ni laga kama zetu: mchanga mtupu, halafu siku moja maji yanashuka kutoka milimani na kubeba kila kitu. Ndovu huchimba visima mchangani kwa mkonga na miguu. Vifaru weusi wanaishi kwa vichaka ambavyo mbuzi wa kwetu angevifikiria mara mbili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukame ulipiga. Wahimba walipoteza sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe wao, watu ambao hata msiba huuhesabu kwa ng'ombe. Vita vya ukombozi vilikuwa vikiendelea kaskazini (Watanzania watakumbuka kwamba wapiganaji wa SWAPO walikuwa na kambi Kongwa, Dodoma, tangu miaka ya 1960), na jeshi la Afrika Kusini lilikuwa limegawa bunduki mikononi mwa raia. Mtu mwenye njaa, mwenye bunduki, na pembe ya kifaru inayotembea mbele yake. Haihitaji maelezo. Ila wenyeji hawakuwa peke yao; wanajeshi na maafisa wa serikali nao waliwinda kule kama shambani kwao.

Hapo ndipo anapoingia Garth Owen-Smith, Mzungu wa Afrika Kusini aliyekuwa amefanya kazi Kaokoveld kama ofisa wa kilimo kuanzia 1968, hadi serikali ikamwondoa mwaka 1970. Mwaka 1982 alirudi, safari hii akilipwa na shirika la hiari la uhifadhi. Mwaka huohuo Blythe Loutit alishiriki kuanzisha Save the Rhino Trust, shirika ambalo baadaye liliwaajiri waliokuwa majangili, maana nani anajua nyayo za kifaru kuliko wao?

Afisa wetu wa Isiolo, alipofika hapa, alisema: "Wakaajiri askari wa wanyama." Hapana, si hivyo. Owen-Smith alikwenda kuongea na wazee, akiwemo Joshua Kangombe, kiongozi wa Waherero. Wazee nao hawakutaka wanyama waishe. Walikuwa wamekasirishwa na ujangili kabla yeye hajafika. Kilichowauma ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaomba wasaidie. Wakakubaliana kwamba wazee wenyewe watachagua watu wao, wanaume wanaojua nyika, na hao watatembea, watasoma nyayo na kutoa taarifa. Kwa nani? Kwa mzee aliyewachagua. Malipo yalikuwa mgao wa unga na vyakula vingine pamoja na fedha kidogo. Mwaka 1983 walikuwa wachache mno, watu sita hivi wa kwanza. Hawakupewa sare. Wakubwa wa idara ya uhifadhi hawakuupenda mpango huo hata kidogo, lakini ndani ya miaka michache ujangili ulikuwa umepungua, na kesi zilifika mahakamani kwa sababu majirani walitaja majina.

Hapa ndipo niliposimama na kusoma tena. Kwa miaka kumi na tatu, kuanzia 1983 hadi 1996, kazi ile ilifanyika bila sheria ya hifadhi za jamii. Hakukuwa na kamati iliyosajiliwa wala mkataba wa kambi. Kulikuwa na wazee waliosikilizwa na vijana waliotumwa nao. Owen-Smith na mwenzake Margaret Jacobsohn, aliyekuwa ameishi na Wahimba wa Purros akifanya utafiti, walijenga shirika lao la IRDNC juu ya msingi huo, na mwaka 1993 wakapata Tuzo ya Goldman ya mazingira.

Sheria yenyewe nitaipitia haraka. Uhuru ulikuja 1990. Waziri wa kwanza wa wanyamapori, Niko Bessinger, aliruhusu maafisa wake wazunguke vijijini kuuliza watu wanataka nini. Wakakuta jambo la wazi: tangu miaka ya 1960 mkulima wa Kizungu alikuwa na haki ya kunufaika na wanyama walio shambani mwake, lakini Mweusi katika ardhi ya jamii akiua swala mmoja ni jangili. Sheria ya 1996 ilipeleka haki ileile upande wa pili. Mwaka 1998 hifadhi nne za kwanza zikatangazwa, mojawapo ikiwa Torra, nyumbani kwa Wadamara na Wariemvasmaak waliobaki baada ya wenzao kurudi kwao kuanzia 1995. Leo ziko 86, zimefunika karibu sehemu moja ya tano ya nchi. Vifaru weusi wanaozurura Kunene nje ya mbuga ni kundi kubwa kuliko lolote la namna hiyo duniani. Hayo si porojo.

Na ng'ombe? Ng'ombe wanakula humohumo. Hifadhi ya jamii ya Namibia haina ua. Wanachama hukaa, hufuga, hulima panapolimika, na wao wenyewe hupanga sehemu za wageni na sehemu za malisho. Simba wanakula mbuzi, ndovu wanavunja matangi na pampu za upepo, na fidia, pale inapokuwapo, haitoshi. Tena mfugaji wa kaskazini anaishi nyuma ya uzio wa mifugo uitwao Mstari Mwekundu, unaomzuia kupeleka ng'ombe wake hai sokoni kusini. Mwaka 2020 watalii walipokatika kwa sababu ya korona, mishahara ya askari wa wanyama ilibidi itafutwe kwa wafadhili.

Kuna jambo jingine ambalo kwenye zile picha halikuwepo. Sheria ya 1996 iliwapa watu haki juu ya wanyama na utalii. Ardhi haikuwapa. Ardhi ya jamii Namibia ni mali ya dola, na hifadhi haina hati miliki. Mtu kutoka mbali akija na mifugo yake kula nyasi walizozitunza, kamati haina nguvu kubwa ya kumtoa.

Kwetu sheria ni tofauti, na naona ni bora. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema jamii inaweza kusajiliwa na kupata hati. Lakini mpangilio tuliupindua: hifadhi nyingi za kaskazini zilikuja na kamati, magari na walinzi wenye silaha kabla ya daftari la wanachama kuandikwa. Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi iliamua kwamba hifadhi mbili za kaunti ya Isiolo zilianzishwa kinyume cha sheria, na hoja kubwa ilikuwa ileile ya Kangombe: wenyewe hawakuulizwa ipasavyo. Nasema hivi nikijua Namibia ina watu milioni tatu tu katika nchi kubwa kuliko yetu. Nafasi ya kukosea kwao ni pana.

Baada ya uamuzi huo nilimpigia simu mzee wa fimbo. Ilichukua siku nne kumpata, alikuwa amehama na ngamia. Nikamweleza yote, ng'ombe, wale watu sita, unga.

"Kwa hiyo walichaguliwa na wazee," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Na hati hawana."

"Hawana."

Akanyamaza, nikasikia mbuzi nyuma yake. Kisha akaniuliza kama ile makala yangu ya zamani, ambayo mjukuu wake alikuwa amemsomea kwenye simu, bado ipo. Nikamwambia ipo.

"Basi andika nyingine," akasema, "umtume kijana anisomee na hiyo."